Pingili ya Mia na Kumi na Tatu

Mkufu wa mama nimeupeleka Kisutu,
Kisutu kwa sonara Harilal, juu ya duka la vitasa,
vitasa ambavyo bado havijapata milango.

Akabana kioo kwenye jicho,
akahesabu kwa ncha ya koleo, akipumua kwa nguvu.
"Pingili mia na kumi na mbili," akasema.
"Moja haipo. Nikiziunganisha hivi hivi
utakubana shingo kidogo."
Nikamwambia sijali kubanwa.
Akaniangalia kama mtu aliyepima dhahabu
akakuta imechanganywa.

Mama, Bi Sikudhani binti Mwinshehe,
alikaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu, Posta,
Posta ya nyaya na matundu,
matundu ya shaba aliyoyajua kwa vidole.
"Tabora, pokea." "Pokea, Lindi."
"Lindi yuko hewani, Lindi usikate."
Watu walilia masikioni mwake, wakaposana, wakadaiana ng'ombe,
naye katikati, kimya, ameshika waya.

Alipostaafu akanihamishia mimi kazi ile.
Kila alfajiri ubeti mmoja kwenye simu,
na sheria moja: nilipoishia ndipo uanzie.
"Hii ni pindu," alisema, "wengine huita mkufu.
Neno la mwisho usiliache chini. Liokote,
litie mdomoni mwako uone lina chumvi gani."

Nikaokota. Benki, kaunta namba nne,
huku nahesabu noti za watu, nikaokota.
Akiishia na bei ya mchele, naanza na bei ya mchele
naishia na mshahara; naye anaanza na mshahara
anaishia na mwanaume ambaye sikuwahi kumtaja.
Hivyo ndivyo alivyoingia
kwa mlango ambao sikuufungua.

Mwezi wa nne, masika yamechachamaa, ukaja huu:

*Nimeamka mzima, mguu wanilemea,*
*Jirani kaniazima, fimbo ya kutembelea,*
*Mvua mbele na nyuma, Magomeni yaenea,*
*Swali langu la daima, lini utanijilia.*

Nilikuwa kikaoni.
Nikajibu: Sawa mama, wikiendi.
Maneno matatu. Hakuna hata moja lililokuwa lake.

Alhamisi alianguka bafuni.
Mkufu walimkatia Mwananyamala, wodini, kwa mkasi,
wakanikabidhi kwenye bahasha ya kaki
yenye jina lake limekosewa herufi moja.

Harilal amemaliza. Elfu kumi na tano, risiti ya mkono.
Ukiutazama huoni kovu,
kovu liko shingoni, pale unapomeza mate.
Nimeshuka ngazi, nimepita vitasa,
nimesimama kando ya Mtaa wa Libya, bajaji zinanipigia honi.
Simu yake iko mkobani, imezimwa tangu hitima.
Yangu nimeifungua palipo ubeti ule.
Chini yake kuna "wikiendi", bado inasubiri
kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Miezi saba nimechelewa.
Nimeliokota.
Lilikuwa swali lake; nimelitia mdomoni,
na mdomoni mwangu limegeuka, linamtazama yeye:

*Lini utanijilia, nami leo nauliza,*
*Simu naishikilia, kioo chake ni kiza,*
*Mvua imetulia, fimbo ile yaniliza,*
*Neno lililosalia, sijui kulimaliza.*